Sketi ya Kijivu

Kazini wananiita Mama Nyonga, na sikasiriki. Wapo wenye majina mabaya zaidi. Miaka ishirini na mbili nimeshika nyonga za watu: za wazee walioteleza bafuni, za wacheza mpira wanaojiona chuma, za mabinti waliojifungua wakaambiwa maumivu yataisha yenyewe. Kila mwanafunzi anayeletwa kwangu namwambia neno moja kabla hajatua mkoba. Mtu atakudanganya, nguo itakudanganya, mfupa haudanganyi. Weka kidole kwenye mfupa. Basi sikilizeni nilivyojisahau mimi mwenyewe.

Alikuja mama mmoja fundi cherehani, wa miaka sitini na nne, wiki ya nane tangu operesheni. Alikuwa amepanda kigoda kuchukua jora la kitambaa, kigoda kikapinduka, mfupa wa paja ukavunjika kule juu kwenye shingo yake, na daktari wa mifupa akamwekea kichwa cha chuma. Aliingia na mwanawe wa kwanza, baba mzima mwenye rundo la funguo kiunoni, amemshika mama yake kwapa utadhani amebeba trei ya mayai. Mwana ndiye aliyeanza kusema.

"Daktari, tangu atoke wodini yuko kwangu, na chumba chake kiko tayari. Hakuna ngazi hata moja. Lakini huyu anang'ang'ania kwake."

Mimi si daktari, ni mtu wa mazoezi ya viungo, ila nilishachoka kukanusha. Hiyo "kwake" ilikuwa vyumba viwili ghorofani, ngazi kumi na nne, na cherehani ya kukanyaga iliyokaa dirishani miaka arobaini. Walikuwa wamepatana hivi: nikiandika kwamba anaweza ngazi, anarudi kwake. Nikiandika hawezi, anahamia kwa mwanawe moja kwa moja na cherehani anapewa mpwa.

"Hakuna aliyeniuliza mimi," mama alisema. "Wameiuliza nyonga."

Nikampenda papo hapo.

Nilimsimamisha mbele ya kioo, nikapiga magoti nyuma yake na kumwekea vidole gumba juu ya mifupa miwili ya kiuno. Nikamwambia asimame kwa mguu wa kulia, ule uliopasuliwa. Alipoinua tu wa kushoto, kiuno upande wa kushoto kikashuka vidole viwili. Nikamweleza kwamba chuma hakina neno, kimetulia kwenye kikombe chake. Aliyelala ni msuli wa ubavuni mwa tako, ule unaoshikilia kiuno kisianguke kila mguu mmoja unapokuwa hewani. Na kupanda ngazi ni nini kama si kusimama kwa mguu mmoja, mara kumi na nne?

"Yaani nimekaa kama sketi iliyoshonwa na mwanagenzi," akasema.

"Umenielewa kuliko wanafunzi wangu."

Nikamhamishia mkongojo mkono wa kushoto, maana wengi huushika upande wa mguu mbovu na kujiumiza bure. Nikampa mazoezi: alale ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti, ainue mguu wa juu bila kujibiringisha nyuma. Mara kumi na tano, asubuhi na jioni. Alihema, akanitukania ukoo mzima kimyakimya, akafanya.

Wiki ya tatu akaja na sketi mpya ya kijivu aliyoishona kwa mkono, mkanda mpana kiunoni, na sweta refu juu yake. Siku hiyo foleni ilikuwa imejaa hadi mlangoni na mimi nilikuwa mezani naandika faili la mtu mwingine.

"Niangalie, mwanangu," akaniita. Alikuwa tayari ameinua mguu wa kushoto. Hapo ndipo akalipandisha sweta.

Nikatazama mkanda wa sketi. Ulikuwa umenyooka kama rula. Nikapiga makofi, jamani, nikapiga makofi! Nikaandika kwenye faili kwa wino: "Kiuno hakishuki." Sikuinuka kitini.

Nikamnyang'anya mkongojo nikampeleka kwenye ngazi zetu za mazoezi, zile nne za mbao. Ya kwanza akapanda, ya pili akapanda. Ya tatu mwili ukamwinama ghafla upande wa kushoto, mkono ukakosa reli, na kama nisingekuwa nyuma yake leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Nilimdaka kiunoni kwa mikono miwili. Vidole gumba vyangu vikaangukia mahali pake, kwenye mfupa. Wa kulia ulikuwa sawa na mkanda. Wa kushoto ulikuwa chini ya mkanda, vidole viwili kamili.

Nikamkalisha.

"Mama, hii sketi umeikata upande, ili mkanda unyooke kiuno kikishuka."

Akanitazama bila haya. "Nimeficha mimba za maharusi wangapi mimi? Nishindwe kuficha kiuno changu?"

"Ungevunjika tena! Mficha maradhi kifo humuumbua, hujui?"

"Najua!" Akakamata pindo la sketi. "Naogopa, mwanangu. Mwanangu yule ananipenda, atanilisha, ataniogesha, atanikalisha kwenye kiti kizuri nitazame ukuta. Ile cherehani ikishushwa ngazi, mimi nimekwisha."

Hasira zikaniishia. Hasira za nini? Yeye alifanya kazi yake, na aliifanya vizuri. Aliyelala kazini ni mimi. Nikachukua faili, nikakata yale maneno mbele ya macho yake, nikaandika ukweli juu yake na kutia sahihi.

Mwanawe alikuwa koridoni. Nilimwambia yote, na kosa langu sikulificha. Akabadilika uso.

"Basi yameisha. Nahamisha vitu Jumamosi."

"Huhamishi kitu. Nipe wiki sita."

"Na akianguka?"

"Kaka, mama yako ameshindwa kwa sababu mimi sikumgusa, si kwa sababu msuli haufufuki. Msuli ule naujua. Wiki sita. Baada ya hapo, nikisema hawezi, nitakusaidia kubeba cherehani kwa mikono yangu."

Akazikamata funguo zake, akazizungusha, mwisho akatikisa kichwa kukubali.

Tukafanya kazi. Hakuna siku niliyokaa kitini. Kila inua, vidole vyangu juu ya mfupa. Akibiringika nyuma, nampiga kikofi begani, naye ananiita askari jela. Kuhesabu alikataa, kunamchosha, kwa hiyo akawa anashona hewani: "Pindo la mbele, pindo la nyuma, mkono wa kulia..." Gauni moja zima lilikuwa mizunguko thelathini. Wiki ya nne akamaliza gauni bila kupumzika. Wiki ya tano akasimama kwa mguu wa kulia na vidole vyangu havikusogea, nikamwambia asichekelee mapema, nami nilikuwa nachekelea.

Siku ya mwisho sikumpima hospitalini. Nilitaka ngazi zenyewe. Tukakutana chini ya jengo lake, mimi, yeye na mwanawe. Alivaa gauni jepesi, na juu ya kila mfupa wa kiuno alikuwa amechora msalaba kwa chaki ya fundi.

"Hakikisha," akasema.

Nikagusa. Misalaba ilikuwa mahali pake hasa. Nikamwambia mwanawe asimame nyuma yetu aangalie misalaba, asiangalie miguu. Mama akashika reli kwa mkono mmoja, akapanda, mguu mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekwenda kwake. Kila ngazi msalaba wa kushoto ulibaki sawa na wa kulia. Ya kumi akahema. Ya kumi na nne akafungua mlango, akaketi kwenye kiti nilichokuwa nimemwagiza kukiinua kwa mto, akaweka mguu wa kulia kwenye kanyagio, na cherehani ikalia.

Mwanawe alisimama mlangoni akilia waziwazi. Akachomoa ufunguo wa akiba wa mlango ule kwenye lile rundo, akauweka juu ya meza ya cherehani. "Samahani, Mama."

Mwezi mmoja baadaye mama aliniita nichukue zawadi. Suruali ya kazi, bluu, mishono ya kutia wivu. Hajawahi kunipima kwa futi hata mara moja. Niliikunjua nikaona mkanda umekatwa upande, kulia chini kidole kizima.

"Mama! Mchezo ule ule?"

"Vaa kwanza."

Nikavaa. Ilinikaa kama niliyozaliwa nayo.

"Wiki tisa umesimama nyuma yangu," akasema, "nami nakuona kwenye kioo. Unaegemea mguu wa kushoto, kulia kwako kunaning'inia. Mganga hajigangi, eti?"

Nikasogea kwenye kioo chake. Nikaweka vidole gumba kwenye mifupa yangu mwenyewe: wa kulia ulikuwa chini, kidole kizima.

Alikuwa ameshatandika mkeka. "Lala ubavu," akaniambia. "Tunaanza na pindo la mbele."