Zamu ya Kubeba Maumivu ya Wara

Kabla hakujapambazuka, simbilisi wa kufugwa walianza kulia jikoni, vilio vyembamba vya kudai majani. Basilia aliinuka kuwalisha, akamsikia binti yake Wara akisaga meno chini ya mablanketi. Mtoto alikuwa na miaka saba. Ugonjwa ulikuwa kwenye mfupa wa paja, na madaktari wa mjini walikuwa wamemrudisha nyumbani kwa sababu hawakuwa na la kufanya tena. Dawa kali ya kutuliza maumivu ilikuwapo, lakini ilikaa kabatini huko huko mjini, na ruhusa ya kuitoa haikufika.

Basilia alipasha maji akamwosha mtoto miguu, kama alivyofundishwa na Mama Delfina, muuguzi aliyewatembelea kila Alhamisi. Alipokuwa akiukausha mguu wa kushoto, maumivu yalimtoka mtoto yakamwingia yeye pajani. Aliketi sakafuni.

"Mama, nina njaa," Wara akasema. "Uji wa mahindi upo?"

Delfina alipofika Alhamisi alimkuta mtoto anacheka na mama anatoka jasho. Hakuuliza mengi. Alimwekea Basilia mto chini ya goti.

"Hujalala tangu lini?"

"Hata sijui. Si neno, mama. Bora kwangu kuliko kwake."

"Sawa. Lakini tangu nimeingia amekuomba hadithi mara mbili, na hujamsikia."

Basilia alilia kidogo.

Pale kijijini kazi za shamba hufanywa kwa zamu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Basi Delfina akaenda kugonga milango, kuomba watu wa kupokea maumivu kwa zamu. Basilia hakutaka.

"Nitawalipa nini? Niwaombee na wao wapate mtoto mgonjwa, ili nami niwabebee?"

"Utanivunia viazi," alisema jirani yake, mzee Casimiro, akivua kofia. "Na uchimbe mpaka chini, siyo ule uvivu wa mwaka juzi. Haya, lete."

Alimshika Basilia goti akayachukua maumivu. Alitukana, akamwomba mtoto radhi, akaenda kukaa uani juani akitafuna majani yake ya koka ya kupunguza uchovu. Baada yake alikuja mkewe, kisha mwalimu wa shule, kisha wanawake wawili wa kanisani, ambao waligundua kwamba mbebaji akishikwa mkono hupata nafuu. Tangu hapo walikuwa wakija wawili wawili. Kila mmoja alileta chakula chake ili Basilia asipike. Ndani, Basilia alimsuka mtoto nywele na kumhadithia habari za lama mkaidi, mnyama wa mizigo wa bibi yake, na mara nyingine walilala tu, pua kwa pua.

Afisa wa afya wa wilaya alikuja na gari kujionea. Alikuwa kijana mpole. Aliomba ajaribu, akayabeba maumivu mpaka birika lilipochemka, akayarudisha uso umempauka.

"Ni makali," alisema.

"Ndiyo, bwana," Delfina akajibu. "Ndiyo maana tunaomba dawa."

"Lakini ninyi mnajimudu. Kuna vijiji havina hata hili."

Aliwapa wote mkono akiwashukuru, akaondoka. Dawa ilibaki kabatini.

Wara alifariki Jumapili mchana, kichwa kikiwa mkononi mwa mama yake, baada ya kuuliza kama lama huota ndoto. Uani, Casimiro alihisi paja lake limekuwa jepesi ghafla. Hakuingia ndani. Alimwacha Basilia ajue mwenyewe, kwa wakati wake.

Alhamisi Delfina alikuja kama kawaida. Walikunywa chai, wakakunja nguo za mtoto pamoja.

"Ukitoka hapa unakwenda wapi?" Basilia akauliza.

"Ng'ambo ya mto. Kuna mvulana mgonjwa. Mama yake yuko peke yake, hana jirani wa karibu."

"Na dawa?"

"Bado."

Basilia alimsindikiza mpaka mlangoni. Nyumba ilikuwa bado imejaa ndugu waliokuja msibani, asingeweza kuwaacha.

"Alhamisi ijayo nipitie tena, mama," akasema. "Twende wote."