Kalamu Kabla ya Kisu

Kaka yangu ni daktari wa macho, mimi ni muuguzi wake. Kwa miaka kumi na mmoja sijamwona akiingia chumba cha upasuaji bila kwanza kuzungusha kalamu. "Uganga wako huo," mimi humtania. Huibana kati ya kidole gumba na cha kati, akaisukuma, ikazunguka juu ya gumba na kurudi mahali pake.

"Siri ni kubana tu, dada'ngu," alinifundisha zamani. "Ukikaza, inaruka. Ukilegeza, inaanguka. Ishike kama unagusa kope ya mtu aliyelala."

Asubuhi ile kalamu ilianguka mara mbili.

Katika chumba cha pili alilala baba yetu, akingoja kaka amfanyie upasuaji. Jicho la kushoto lilikufa zamani, la kulia ndilo lililobaki, nalo lina mtoto wa jicho. Madaktari wengine aliwakataa katakata. "Nimesomesha daktari, halafu nikakatwe na watoto wa watu?" Tulicheka sana siku hiyo.

"Kalamu gani hii, inateleza kama sabuni," kaka alinung'unika. Akaibana tena, kwa nguvu mpaka ukucha ukawa mweupe. Ikafyatuka, ikagonga ukuta.

Niliiokota mimi. Haikuteleza hata kidogo. Nchani ilikuwa na damu.

Ilikuwa imemchoma kidole cha kati, shimo la haja, damu inachuruzika hadi kiganjani, na yeye anapapasa mfukoni akitafuta kalamu nyingine, hana habari.

"Kaka, kidole!"

Alikitazama kama cha mtu mwingine. Naapa, nilimwogopa kaka yangu.

"Vinakufa ganzi kidogo tu," alisema. "Funga mdomo, dada. Baba asijue."

Akanawa, akavaa glovu.

"Wanangu, mbona kimya?" baba aliita. "Njooni basi, mimi siogopi."

Nilimsihi aahirishe. Akaelekea chumba cha baba. Nikaifuta ile kalamu kwa spiriti, nikamfuata.

Aliinamia hadubini ya upasuaji, macho yote kwenye jicho la baba, akaninyooshea mkono kama kawaida yake, nimpe kisu. Nikamwekea kalamu.

Vidole vikaibana. Havikushtuka, havikuuliza kitu. Mkono ulikuwa umeshaanza kushuka nilipoudaka.

"Mmeshaanza?" akauliza baba, chini ya kitambaa.