Maneno Mia Sita Kwenye Ntumba

Mwaka 1993, miaka ile kila kitu ruksa, Evodia wa kijiji cha Mollo alikuwa shambani akilima ntumba za mama yake. Ntumba, yale matuta ya mviringo, ni kazi: unakusanya majani, unayafunika kwa udongo yaoze, msimu ukifika unapanda ulezi. Kila alipokariri karatasi moja ya maneno magumu ya Kiingereza, aliifukia humo humo. Yalikuwa mia sita. Chuo cha ualimu kiliyataka yote, ili mtu akafundishe darasa la kwanza a, e, i, o, u. Haya bwana.

Ulezi ulistawi. Wiki tatu kabla ya mtihani wa kuingia chuo, ng'ombe wa mzee Nyanda, Msukuma aliyehamia na mifugo yake, walitoroka zizini wakala robo ya shamba. Jioni ng'ombe mwekundu akaanza kuongea Kiingereza. Maneno aliyokula yalikuwa yamemtoka Evodia kichwani, na Evodia alilia, maana chuo ndiyo ilikuwa njia yake pekee ya kuachana na jembe.

“Shikamoo, mzee Nyanda.”

“Marahaba, mwanangu. Amekula vyako, akutapikie.”

Serikali ya kijiji ikakubali. Kila asubuhi Evodia alikamua huku ng'ombe akimsomesha. Alikuwa mwalimu mkali. Ukikosea, mkia wa uso. Evodia akaenda mtihani na maneno yake yote.

Barua ya majibu ilikuja kwa Kiingereza ambacho hata mtendaji wa kata kilimshinda. Evodia naye aliyajua maneno mojamoja, kuyaunga hakufundishwa. Wakampelekea ng'ombe. Akaisoma taratibu, anacheua.

“Umepata yote mia sita,” alisema. “Nafasi amepewa mtoto wa bosi mmoja wa mjini. Hakufanya mtihani.”

“Wameandika hivyo hivyo?” aliuliza mama yake Evodia.

“Hivyo hivyo, mama. Ila kwa maneno magumu.”

Evodia ilimuuma, ilimuuma kweli. Kesho yake akashika jembe.

Baada ya miaka miwili shule ya Mollo ililetewa mwalimu mpya, Flavian, kijana mpole mwenye viatu vizuri. Ndiye yule mtoto wa bosi. Alifika zizini asubuhi na daftari jipya, akamwamkia mzee Nyanda, akaomba ng'ombe amfundishe maneno, maana mkaguzi alikuwa anakuja.

Evodia alikuwa bado anamkamua ng'ombe yule. Akainuka, akamwachia kigoda, upande wa mkia.