Mradi Ulipita

Herufi "a" ilikuwa imeng'oka kwenye ile kompyuta, na Kiswahili bila "a" ni ugonjwa. Tangu asubuhi Madalena alikuwa akiibonyeza kwa njiti ya kiberiti, ukurasa baada ya ukurasa, katika ofisi ya shirika la visima, mtaa wa Chuno, ambayo feni yake ilizunguka siku za wageni tu. Alikuwa anaandika tasnifu ya uzamili. Si yake.

Ilikuwa ya Joshua, mkurugenzi, aliyekuwa akisomea utawala wa umma na usimamizi wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Mwaka jana Madalena naye alichaguliwa kozi hiyohiyo. Fomu ilitaka ruhusa ya mwajiri. Joshua akaifungia kwenye droo.

"Wawili hatuwezi kutoka pamoja, mdogo wangu. Nisaidie kwanza mimi nimalize, nitakusainia."

Chuo kilimshikia nafasi mwaka mmoja. Mwaka huo ulikuwa unaisha Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, siku ileile Joshua anatetea tasnifu.

"Shoga," alisema Mwanahawa, mfagiaji, akimwinua miguu kwa ufagio, "ukimaliza kumwandikia, kamvalie na joho. Maana ile kofia itampwaya."

Kugoma? Alishajaribu. Joshua alimuuliza Madalena, kwa upole kabisa, kwamba mama yake, yule Bi Ines anayelima mpunga Kilambo, alivuka mpaka wa mto Ruvuma mwaka gani. "Nauliza tu. Watu wa Uhamiaji ni rafiki zangu." Madalena alizaliwa upande huu wa mto. Alirudi kwenye kompyuta, ila alirudi na lake moyoni.

Tasnifu ilihusu mafanikio ya mradi wa shirika wa visima katika kijiji cha Ziwani. Madalena ndiye aliyezunguka na dodoso, shamba la mihogo hadi shamba la mihogo, akiwauliza watu mia na ishirini mradi ulikuwaje. Mia na kumi na nane walimjibu neno moja: "Ulipita." Joshua alipoliona akapiga meza kwa furaha. Kwake yeye, mtu wa vikao, kitu kikipita kimefaulu. "Liweke sura ya kwanza! Na kwenye muhtasari!" Madalena akaliweka. Kisha ukurasa wa tisini na nne, kwa utulivu wa mtu anayekoleza mboga chumvi, akaeleza watu wa Ziwani walimaanisha nini. Alijua Joshua husoma ukurasa mmoja tu, ule wenye jina lake.

Ijumaa alikaa kiti cha nyuma ukumbini, fomu mpya mapajani.

"Asilimia tisini na nane," Joshua alinguruma mbele ya jopo, "walisema mradi ulipita!"

"Ulipita vipi?" aliuliza Dokta Upendo, mtahini wa nje, bila kuinua kichwa.

"Vizuri sana, Dokta. Bila kikwazo."

"Hilo la kikwazo nakubali. Ukurasa wa tisini na nne umeandika gari la mradi lilipita Ziwani likielekea Kilambo, likapiga honi, halikusimama. Hakikuchimbwa kisima hata kimoja."

Madalena alitazama jasho likishuka kuelekea kola ya Joshua na kutamani lisifike upesi. Alitamani mama yake angekuwepo. Alitamani Ziwani nzima ingekuwepo, na viti vyao.

Joshua akatoa leso, akajifuta taratibu. Ilipotoka usoni, chini yake kulikuwa na uso mwingine.

"Ndiyo, Dokta," alisema kwa sauti ya kanisani. "Hapo ndipo penye uchungu wa utafiti wangu. Ningeweza kuficha. Nikaamua kujichunguza mwenyewe."

Mwenyekiti wa jopo akavua miwani. "Viongozi wa namna hii hatunao," alisema.

Dakika kumi hazikuisha. Joshua akafaulu, kwa marekebisho madogo. Mgeni mmoja wa wafadhili aliomba nakala palepale. Alisema sasa ipo hoja ya mradi wa pili.

Kwenye korido Joshua alimshika Madalena bega. "Tisini na nne," alinong'ona, akiwatabasamia watu. "Mkali wewe. Marekebisho wiki mbili. Utayafanya."

"Ruhusa yangu, bosi. Saa tisa imeshagonga."

Joshua akaichukua fomu, akaisoma hadi mwisho. Hakuna karatasi Madalena aliyowahi kumwona akiisoma hivyo.

"Wanataka sahihi ya mwajiri."

"Ndiyo."

"Sasa mwajiri wako nani? Miaka mitano wewe unajitolea. Nikisaini nitakuwa nimedanganya, na leo nimesifiwa kwa ukweli."

Akamrudishia, kisha akampa na simu yake. "Dada, hebu tupige picha," aliita mwenyekiti. Jopo lilikwisha kujipanga.

Madalena aliinua simu. Akaiinamisha kidogo, kidogo tena, mpaka vichwa vyote vikatoka juu ya kioo, zikabaki tai, vitambi, na tasnifu iliyokumbatiwa kifuani.

"Imetoka?"

"Imetoka, bosi. Ngoja niongeze."

Akapiga nyingine. Akawaambia wasogeleane. Akapiga nyingine. Saa tisa na nusu ilimkuta hapohapo, akiwaomba watabasamu tena, nao wakitabasamu, bila vichwa.