Upana wa Kitanda Kimoja

Asubuhi hiyo mjaribu wa programu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kwa sababu viti vyote vya ofisi vilikuwa ndani ya droo. Kampuni yao ilitengeneza zana ambazo waandishi wengine wa programu walizinunua na kuzipachika kwenye kazi zao, ili mafaili ya wateja yabanwe, yafungwe pamoja na kuhifadhiwa pahali padogo bila kupoteza kitu. Kila toleo jipya lilipitia mezani kwake kabla ya kuuzwa. Alibana, akafungua, akalinganisha kilichoingia na kilichotoka, na vikifanana mpaka chembe ya mwisho alisema, "Sawasawa." Alikuwa amelisema neno hilo kwa muda mrefu hata likawa jina lake.

Toleo la saba ndilo lililoanza kubana na vitu visivyokuwa mafaili. Mtu alisimama mlangoni, akakipiga kitu picha kwa simu, akagusa palipoandikwa "Bana," nacho kikawa kidogo. Sawasawa aliliripoti jambo hilo kama hitilafu. Bosi aliisoma ripoti, akatafuna kalamu kidogo, akajibu kwamba haoni kilichoharibika. Kama kila kitu kinarudi salama, basi huo ni uwezo, si hitilafu. Viti vya ofisi vilikuwa vya aina moja, kwa hiyo havikusumbua. Programu ilikieleza kiti kimoja kwa ukamilifu, na vingine vyote ikavisemea tu, "kama kile." Ndivyo kazi hiyo inavyokwenda siku zote: kinachojirudia husemwa mara moja.

Bosi alikwenda nyumbani akabana sebule zake mbili, ya wageni na ya wageni wakubwa, akawa anazitembeza mfukoni katika kiboksi cha kiberiti. Mkewe alilalamika mara moja tu, siku aliyotaka kukaa.

Sawasawa mwenyewe hakuwa na haja ya kubana chochote nyumbani mpaka mama yake alipopiga simu. Mama alikuwa akiishi kwa mtoto wake wa kiume, na huko mkazamwana alikuwa amejifungua mapacha. Alieleza mambo taratibu kama kawaida yake. Hakuna aliyemfukuza, hakugombana na mtu, wajukuu ni wazuri mno, ila sasa alikuwa analala ameketi.

"Mwanangu, mimi sitaki makubwa," alisema. "Nipatie upana wa kitanda kimoja. Urefu usihangaike nao, nitajikunja."

Sawasawa alimwambia aje mwisho wa mwezi. Alipokata simu ndipo alipokitazama chumba.

Kilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido ya nyumba ya kupanga, na baada yake palikuwa na ukuta wa nje tu. Vyumba vya chini vyote vilitengwa kwa mbao nyembamba, hata jirani akipiga chafya ulimwambia pole bila kupaza sauti. Mume wake alikuwa fundi cherehani. Cherehani ilipowekewa ubao juu ikawa meza ya chakula, na watoto walipomaliza kula ikawa dawati. Godoro la watoto lilishinda chini ya kitanda, likitoka jioni kama ulimi. Sanduku la nguo ndilo lilikuwa kiti, na ndani ya kiti mlikaa unga na mchele. Nguo za wateja zilining'inia juu ya kitanda mpaka watoto wakaamini kwamba dari za nyumba zote huwa na mikono. Mtu alipotaka kuingia, mwingine alilazimika kupanda kitandani.

"Nitakibana kidogo," Sawasawa alimwambia mumewe. "Tupate upenyo wa mama."

"Na sisi tukiwa humu humu?"

"Kaeni tu. Hamtasikia kitu."

Fundi aliuma uzi, akaukata, akaendelea kushona. Sawasawa alisimama kwenye korido, akapiga picha, akagusa palipoandikwa "Bana." Chumba kilitulia kidogo kama mtu anayefikiria. Kisha kikapanuka.

Hakikupanuka sana. Kulia mwa kitanda palitokea ukanda mtupu wa sakafu, mrefu kutoka mlangoni hadi ukutani, upana wake kama wa kitanda cha mtu mmoja, kasoro kidogo. Nje nyumba ilibaki vile vile. Sawasawa aliingia akaanza kazi yake. Alihesabu vikombe, akawakagua watoto nyuma ya masikio, akamwangalia mume wake kovu la kidole na jino lililokatika.

"Vipi, nimerudi wote?" fundi aliuliza.

"Wote. Hata ukaidi umerudi."

Aliketi kwenye ukanda ule mpya, na hapo ndipo alipoelewa. Kanuni yenyewe aliijua tangu wiki yake ya kwanza kazini, na iko ukurasa wa mwanzo wa maelezo wanayopewa wateja: kilichokwisha kubanwa hakibanwi tena. Ukikilazimisha, programu hutafuta kinachojirudia, haioni, nayo kwa kuwa haina la kufanya hukifunga hivyo hivyo kilivyo, ikakiongezea karatasi yake ya juu. Kinatoka kikubwa zaidi ya kilivyoingia, kwa unene wa hiyo karatasi. Kanuni hiyo alikuwa amewaeleza wateja wengi kwenye simu. Haikumpitikia kwamba nyumbani kwake, ambako kiti ni ghala na meza ni cherehani, hakukuwa na kitu hata kimoja kilichojirudia.

Jioni hiyo fundi alishona pazia la kuutenga ukanda, maana mkwe ni mkwe, na hakutaka mama aamke amwone yeye na fulana yenye matundu. Sawasawa akampigia mama yake simu kumwambia kwamba upana umepatikana, na urefu pia. Hakuna haja ya kujikunja.

Mbao za korido ile hazikuwahi kuficha habari. Kesho yake dobi wa chumba cha kwanza alikuja kuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kuhusu mambo mengine, kama kile kitu cha simu kina ubaguzi. Sawasawa akakibana chumba chake, nacho kikatoa ukanda. Akafuata seremala, aliyekuwa na watoto wengi na vitanda vilivyopandana hadi darini. Chumba chake nacho kikatoa ukanda, ule ule, hauzidi wala haupungui. Mpaka wikendi korido nzima ilikuwa imefanyiwa, na watu walionekana wamesimama tu vyumbani mwao, mikono wameinyoosha pembeni, hawagusi kitu. Dobi alijifunza kugeuka.

Mwenye nyumba aliishi ghorofani. Alikuwa mtu mpole, asiyegomba, aliyedai kodi kwa kukohoa mlangoni. Alisikia vicheko chini, akashuka, akaangalia kanda zote, akazipima kwa unyayo, akasema na yeye afanyiwe. Alikataa kutoka ndani wakati wa kubanwa. Alisema hawezi kuacha vitu vyake peke yao, na isitoshe chai yake ilikuwa mezani.

Sawasawa alisimama juu ya ngazi akabana. Ghorofa yote ikaondoka, ngazi ikabaki inaelekea hewani, na mkononi mwake kukawa na kitu kidogo kama punje ya haragwe.

Wapangaji walikusanyika. Punje ilizunguka kiganja kwa kiganja. Dobi aliiweka sikioni akasema anasikia kijiko kinakoroga sukari. Seremala akauliza imekuwaje iwe ndogo hivyo, mtu mwenye nyumba kubwa namna ile, na Sawasawa akamweleza kama alivyowaeleza wateja. Hakuna kinachobanwa vizuri kama utupu. Programu hukuta pahali pasipo na kitu, ikasema mara moja, "hapa hakuna kitu," halafu inakwenda mbio: kama hapo, kama hapo, kama hapo. Huko juu kulikuwa na vyumba vya watoto wa mwenye nyumba, waliooa na kuolewa zamani na kujenga kwao. Wapangaji waliziona kufuli miaka yote. Walidhani mna samani.

Watu waliinua macho juu, si kwa hasira, bali kama mtu anayefanya hesabu ya vitanda.

"Iache hivyo mpaka mwisho wa mwezi," seremala alisema. "Tuone atakohoa wapi."

"Mpaka mwisho wa mwaka," dobi alisema. "Ana chai yake."

Sawasawa alisema kilichoingia lazima kitoke. Hiyo ndiyo kazi yake.

"Mama watoto," mume wake alisema kwa upole, "si lazima uende kazini kila pahali."

Alifikiri juu ya maneno hayo. Punje ilikuwa na uvuguvugu kiganjani. Ingetosha kuiweka kwenye kikombe, na kikombe juu ya rafu. Lakini alikuwa hajawahi kubana kitu akaacha kukifungua, na mkono wake ulikuwa umeshazoea. Aligusa palipoandikwa "Fungua," na ghorofa ikarudi juu ya ngazi na mabati yake. Mwenye nyumba akatoka na kikombe, chai bado inafuka, akauliza kama wameshaanza.

Alipoambiwa ghorofa yake ilikuwa imegeuka punje, na kwa nini, hakuona aibu. Alipata wazo. Alisema kumbe hapa chini kuna nafasi nyingi inalala bure, kanda sita, kila mmoja haumfai mtu, lakini zikiwekwa pamoja ni chumba.

"Nafasi iko juu, mzee," Sawasawa alisema. "Huku chini ni hizo karatasi tu."

"Juu ni vyumba vya watoto."

"Si wana kwao?"

"Na wakija?" Akaendelea pole pole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Nyumba ni yangu, binti. Kilichoota ndani yake ni changu. Hata uyoga ukiota ukutani ni wangu."

Kazi ya kuziunganisha kanda alipewa seremala, kwa kuwa alikuwa jirani na alikuwa na vifaa. Alianza na chumba cha dobi, akausogeza ubao kwa upana wa ukanda. Akaja chumbani kwake mwenyewe, akamwomba mkewe radhi, akausogeza wa kwake kwa upana wa kanda mbili ili kila mtu abaki na alichokuwa nacho mwanzo. Hivyo hivyo akaenda mpaka mwisho, akizisukuma zile kanda mbele yake kama mtu anayesukuma maji kwa fagio. Zilipofika kwa Sawasawa akasimamisha ubao mpya. Cherehani ikarudi kugusa kitanda. Kati ya ubao ule na ukuta wa nje kukatokea chumba kipya, cheupe, chenye nafasi ya kutembea.

Seremala alikuwa anakaza bawaba ya mwisho ya mlango wake mama alipofika, godoro lililokunjwa begani na mkoba mkononi. Sawasawa alimpokea godoro. Alikuwa amepanga namna ya kumwambia, lakini mbele ya mama yale maneno yalimtoka ovyo: kwamba upana ulikuwepo, kwamba pazia hili hapa, kwamba mpaka juzi. Mama alichungulia chumbani, akamsalimia mkwe wake aliyekuwa amepanda kitandani ili mlango ufunguke, akawapakata wajukuu mmoja mmoja, maana wote hawakuenea. Kisha akageuka akakitazama kile chumba cheupe, na mwenye nyumba aliyesimama na funguo.

"Hiki kimetoka wapi?" mama aliuliza.

"Kwa binti yako na majirani zake," mwenye nyumba alisema. Hakuwa mtu wa kuficha.

"Kwa hiyo nikilala humu nimelala kwa binti yangu."

"Kabisa, mama. Kodi ni mwisho wa mwezi."

Mama aliingia akatandika godoro katikati ya sakafu, akalala chali, akanyoosha miguu yote miwili na mikono yote miwili. Alikaa hivyo muda mrefu akitabasamu, huku binti yake mlangoni akikubali bei. Fundi alichukua kazi ya kushona sare za shule ili kodi ya pili ipatikane. Sawasawa na mama yake walizungumza jioni kupitia ubao, na mara nyingine mama alicheka kabla mkwe hajamaliza kisa alichokuwa akimsimulia mkewe.

Chumba cha mama hakikukaa kitupu. Wajukuu walihamia na godoro lao. Watoto wa seremala walikuja kucheza wakasahauliwa huko. Dobi aliomba kona ya kupigia pasi, akaleta na kamba. Mama akapata jiko, akapata wateja wa maandazi, na gunia la unga likawa kiti cha wageni. Siku alipolazimika kumpandisha mtu godoroni ili afungue mlango, aligonga ubao.

"Mwanangu, nadhani sasa nimeiva. Njoo na simu yako."

Sawasawa alisimama kwenye korido akakibana. Chumba kilitulia, kikafikiri, kikatoa ukanda, upana kama wa kitanda kimoja, kasoro kidogo. Aliingia akakagua maandazi, unga, watoto wake na wa watu.

"Sawasawa," alisema, na watu wakapiga makofi.

Huko juu mfanyakazi alikuwa anapiga deki vyumba vya watoto, kama alivyofanya kila wiki, akivifungua kimoja kimoja na kuvifunga tena kwa kufuli. Kikohozi kikasikika ngazini. Seremala alikuja na ubao begani na tepu ya kupimia mfukoni, akaomba samahani, akasema ameambiwa ukanda huu wa leo ausukumie upande wa nyuma. Mama alimpa andazi la moto. Halafu, kwa kuwa kupima ni kazi ya watu wawili, aliinama akamshikia ncha ya tepu.

"Kaza hapo, mama," seremala alisema.

"Nimekaza, mwanangu. Vuta."