Moto wa Vifuu

Kando ya moto, Nikolaus aligonga ngozi ya ngoma kwa kiganja, akainamisha sikio. Pu. Kama mtu anayepiga gunia la muhogo.

"Bado," alisema.

"Bado nini, na chuma changu kimepoa?" alisema Siwema, jirani yake, bakuli la unga wa vitumbua mapajani. "Watu wako wakitoka kanisani watakula hiyo ngoma?"

Masika yalikuwa yameinyeshea Kisarawe wiki nzima, na ngozi ya ngoma ilikuwa imelegea kwa unyevu. Kila kuni ilitoa moshi mtupu. Vifuu vikavu alikuwa navyo Siwema peke yake, uvunguni mwa kitanda. Kengele ya kwanza ya Pasaka ilikuwa imeshalia. Mchungaji ameruhusu ngoma iingie Jumapili hii moja, isikike. Ikikataa kulia, mzee wa kanisa Hilario ataitoa nje, wala haitarudi tena.

Nje ilishakaa sana. Mwaka 1926 mmisionari alimwambia Nikolaus achague: ngoma au ubatizo. Mmisionari mwenyewe alikuwa na kinanda cha kukanyaga, kimekuja kwa meli, na hakuna aliyeuliza kilipigwa kwenye karamu gani kabla ya kuingia kanisani. Nikolaus aliambiwa aipasue ngoma iwe kuni. Akaipeleka kwa Siwema, na kwa miaka kumi na mitano kuku wa Siwema walitamia humo. Sasa vita vimewaondoa wamisionari, na mchwa wamekimaliza kinanda.

"Sogea," alisema Siwema. Akaepua chuma, akamwaga motoni vifuu vyote vilivyobaki.

"Na vitumbua, dada?"

"Vitumbua ni vya kila siku. Niliwafukuza kuku wangu kwa ajili ya ngozi hiyo, baba Yosefina. Isipolia watanicheka."

Moto ukaruka. Nikolaus akaizungusha ngoma taratibu, akagonga. Ti. Siwema akavua kanga ya kichwani, akaifunika ngoma isilowe njiani, kisha akampakulia makaa kwenye kigae cha chungu, ya kuipasha tena kanisani.

Hilario alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kusali au kupika?"

"Yote mawili, mzee."

Wanawake kwenye mabenchi ya nyuma wakafunika midomo.

Wimbo wa kufufuka ulipoanza, Nikolaus akaiachia mikono. Ngoma ikaitika mpaka mabenchi yakatetemeka. Kigelegele kimoja kikapaa, kikafuatwa na kingine, ndani ya kuta ambazo hazijawahi kusikia hata kimoja. Dirishani alikuwepo Siwema, amefuata kigae chake, kichwa kimelowa, mabega yanacheza.

Hilario alikaa kama gogo. Chini ya ngoma ukatoka unyoya mwekundu wa kuku, ukapaa, ukazunguka, ukatua gotini pake. Aliutazama ubeti mzima. Kisha akafungua kitabu chake cha nyimbo, akauweka kati ya kurasa, akakifunga polepole.