Kipande cha Waya

"Tangi lenu la maji moto nilishalitengeneza tangu wiki iliyopita, shemeji. Kipande cha waya tu!"

Hayo alinipokea nayo mlangoni kwa mama mume wa mdogo wangu. Tunamwita Injinia kwa kejeli, na yeye anadhani ni sifa. Nyuma yake mama alikuwa na taulo begani, anaingia bafuni.

"Mama, usiguse bomba!"

Nilimfokea mzazi wangu mbele ya mkwewe, na sijutii. Nilizima swichi kuu, nikapanda ngazi na bisibisi yangu, nikafungua kifuniko.

Tangi lile nililifunga mwenyewe. Lina koili mbili za kuchemshia maji, za volti mia na kumi kila moja, na umeme wetu ni mia mbili na ishirini. Ndiyo maana nilizipanga moja nyuma ya nyingine, zigawane mzigo nusu kwa nusu. Ya chini ilikuwa imekufa. Injinia akairuka kwa waya, umeme uipite kando, ya juu ikabebeshwa umeme wote peke yake. Sasa ilikuwa na ufa mrefu, inavujisha umeme kwenye maji.

"Lakini yalikuwa yanachemka chapchap!" alisema.

"Koili inakula mara nne ya kiasi chake, itaacha kuchemsha? Na waya wa ardhi, wa kutoa umeme unaovuja, uko wapi?"

"Ule? Swichi ilikuwa inajizima kila mara. Nikaukata."

"Swichi inakwambia kuna hatari, wewe unaiziba mdomo! Ungeniulia mama!"

Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu alinyoa.

"Kumbe," mama alisema taratibu. "Wiki nzima bomba linanitekenya vidole. Nikadhani ni uzee."

Nilishuka ngazi na bisibisi mkononi.

"Wiki nzima, mama! Na hukuniambia?"

Alilikunja taulo, akaliweka kwenye kiti.

"Maji yalipopoa nilikupigia wewe kwanza, mwanangu. Ukasema Jumamosi. Ilipopita Jumamosi ya tatu ndipo nikamwomba mwenzio."

Injinia aliinamisha kichwa. Afadhali angenicheka.

Nilifungua mkoba wa kazi. Koili mpya ilikuwa humo, kwenye boksi lake, tangu Jumamosi ile ya kwanza. Nilikuwa nazunguka nayo kwenye nyumba za watu.